Tupeane uzoefu: Ukweli gani uliambiwa ukachukia, baadaye ukajuta?

Kinyozi wa Tandale:
Wakuu, nina saluni ya kiume huku Tandale. Juzi kijana wangu wa kazi kaniaga anaenda kujitegemea. Kabla hajatoka akasema, "Bosi, usichukie. Wateja hawakimbii bei, wanakukimbia wewe. Mtu akikaa tu kwenye kiti unaanza kumsema kipara chake." Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nyie mliambiwa nini, na mlipokeaje?

Mama Wawili:
Mwanangu wa miaka sita: "Mama, leo weka simu tule." Nilimfinya. Basi tu.

Mkazi Mstaafu wa Bondeni:
Umenikumbusha mbali, mkuu. Nilinunua kiwanja bonde la Msimbazi, upande wa Kigogo, bei chee, karatasi ya serikali ya mtaa na mashahidi wawili. Siku tunachimba msingi, bibi mmoja muuza vitumbua akaniita pembeni. "Mwanangu, hapo ni njia ya maji. Umeona pakavu leo, yatarudi." Nikamwitikia kwa adabu zote, moyoni nasema kikongwe huyu alikitaka kiwanja kwa ajili ya mjukuu wake. Nikaongeza kozi tatu za msingi kumkomoa.

Desemba 2011 mvua ikashuka. Watu wanadhani mafuriko yanakuja na kelele. Yangu yaliingia kimya, usiku, nikashtuka ndara zinaelea. Kufumba na kufumbua yako kiunoni. Nikampandisha mke wangu darini, tukatoboa, tukatokea juu ya bati, mtoto wa miezi minne kafungwa mgongoni kwa kanga. Kulipokucha tuliliona friji letu linaelekea Jangwani.

Friji nimelisahau. Ninachokumbuka ni yule bibi. Kibanda chake cha miti kilikuwa kwenye mwinuko, kikavu kabisa, na ndiye aliyetupokea na chai ya tangawizi. Hakusema neno. Bora angenitukana.

Serikali ikatugawia viwanja Mabwepande. Nikakaa kidogo, nikarudi bondeni, sifichi. Mwishoni mwa 2015 nikakuta X nyekundu ukutani, kisha tingatinga.

Dogo Janja Mwananyamala:
Yaani ukarudi?! Mzee, wewe ni mbishi wa kuzaliwa.

Mkazi Mstaafu wa Bondeni:
Biashara yangu iko Kariakoo. Hebu toka Mabwepande saa kumi alfajiri kila siku kwa mwaka mzima, kisha uje tuongee.

Dogo Janja Mwananyamala:
Nauli na roho ya mtoto kipi ghali?

Mpita Njia:
Dogo, mheshimu mzee. Ila mzee, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa, dogo kasema kweli.

Mgonjwa Mbishi:
Duka la dawa Mbagala Rangi Tatu nilipimwa presha, 190 kwa 110. Nikamwambia dada mashine yake mbovu. Nikaenda duka la pili, la tatu, natafuta mashine inayonipenda. Leo nikicheka mdomo unaenda upande mmoja. Mkanyweeni dawa zenu.

Bi Harusi Mtarajiwa:
Mimi wiki mbili kabla ya sendofu, kadi za michango zimeshatoka, shoga yangu akaniambia, "Mwenzio ana mke Chanika." Nilimtoa kwenye kamati siku hiyohiyo, nikamtangaza mtaani kuwa ni mwivu. Ila usiku usingizi hauji. Jumamosi nikapanda daladala kimyakimya, nikauliza uliza mpaka nikafika. Nikabisha hodi. Akafungua mtoto wa kiume kama wa miaka saba, sura ile ile, hadi pengo la meno ya juu. "Shikamoo aunti." Ndani sauti ya mwanamke ikauliza, "Nani huyo?" Nikasema

Mpita Njia:
Ukasema nini???

Mama Wawili:
Dada usituache hapa jamani. Nimeacha wali jikoni.

Dogo Janja Mwananyamala:
Huyo shoga naye alikuwa anamtaka bwana. Ukweli wa wiki mbili kabla ya sendofu? Alikuwa wapi siku zote?

Mama Wawili:
Ndiyo nyie! Akisema mapema mchochezi, akisema mwishoni mwivu, akinyamaza mnafiki. Aseme lini sasa, saa ngapi?

Mgonjwa Mbishi:
Ushauri wangu: ukiambiwa jambo, kaa siku tatu ndipo ujibu.

Mpita Njia:
Siku tatu? Mke wangu nikinyamaza saa moja tu anajua nina hatia.

Dogo Janja Mwananyamala:
Mimi naangalia kwanza msemaji anapata nini. Dalali hata akikusalimia, hakikisha.

Mama Wawili:
Bi Harusi upo? Tumekaa mkao wa kula tangu saa mbili.

Mkazi Mstaafu wa Bondeni:
Mtoa mada naye katulia tu. Kinyozi, hujatuambia, yule kijana ulimjibu nini?

Kinyozi wa Tandale:
Nilimkata elfu tano kwenye malipo yake ya mwisho. Nikasema ni ya kioo.

Mpita Njia:
Alivunja kioo?

Kinyozi wa Tandale:
Hapana.