Uvimbe wa mbwa unaofura na kunywea: ukatwe?

SWALI: Mbwa jike, miaka 8, ana uvimbe ubavuni kama punje ya hindi. Juzi ulifura, leo umenywea. Ukatwe au tusubiri?

JIBU: Msiuminyeminye. Kufura na kunywea ni tabia ya uvimbe wa seli za masti (seli za kinga zilizomo ngozini): ukiguswa humwaga histamini, kemikali ya mzio, ngozi ikawa nyekundu na kuwasha. Uvimbe wa mafuta huwa laini, huteleza chini ya kidole. Ila kidole hakitoshi. Daktari wa mifugo achome uvimbe kwa sindano nyembamba ya geji 22, atoe seli, azipulizie kwenye kioo, apake rangi, aangalie kwa hadubini. Aghalabu haihitaji nusu kaputi.

JIBU: Naam, kipimo kabla ya kisu! Seli zikiwa za masti, kwa kawaida uvimbe hukatwa pamoja na nyama isiyo na ugonjwa ya pembeni, sm 2 hivi, na tabaka moja la nyama chini yake. Ukikwangua kijivimbe tu, kinarudi. Kipande chote kiende maabara kwenye fomalini (dawa ya kuzuia kuoza), ujazo wake mara 10 ya kipande.