Tupeane uzoefu: Ulifikaje bandarini kwa pesa kidogo ukapanda chombo cha tanga?

Kusi la Juni (Tanga), mleta mada

Wakuu, salaam. Likizo ikikaribia napata swali lilelile kutoka kwa marafiki wa bara: "Nataka kusafiri na jahazi, nauli ya kufika huko ni shilingi ngapi?" Nauli ndiyo nyepesi kuliko vyote. Pesa inaishia gesti, kwenye chai na bodaboda za kwenda kuulizia chombo asubuhi na jioni, kwa sababu mtu kafika bandarini wakati ambao hakuna nahodha anayetoka.

Nianze mimi. Nahodha hapangi safari kwa tarehe, anapanga kwa upepo, basi na mimi napanga basi langu kwa upepo huohuo. Kusi (upepo wa kutoka kusini) likishika, Mei hadi Septemba hivi, napanda basi kushuka Bagamoyo au Dar, narudi Tanga na chombo upepo ukitusukuma. Kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) likishika, Desemba mpaka Machi, nakwenda Mombasa kwa njia ya Horohoro, narudi kwa bahari. (Huko ni kuvuka mpaka, gongesha mhuri kwenda na kurudi, usije ukashuka Tanga kama mzigo wa magendo.) Anayelazimisha kinyume atalipia. Nahodha ama atawasha mashine, na dizeli iko ndani ya nauli yako, ama atapiga bisho, yaani kwenda upande upande dhidi ya upepo, kutwa nzima, mnazi uliouona pwani asubuhi unauona tena alasiri palepale.

Miezi ya malelezi, upepo unapobadilika, mimi sitoki. Nauli ya basi ni ileile, lakini bandarini unaweza kukaa mpaka mama gesti akujue kwa jina.

Haya, mwageni. Ulitoka wapi, ulipanda nini, kilichokula pesa ni kipi?

Mtoto wa Area C (Dodoma)

Mkuu, mimi nilikwenda Mafia. Treni ya SGR toka Dodoma hadi Dar daraja la kawaida ilikuwa 31,000 nilipopanda. Tangu ianze 2024 sisi wa Dodoma bahari imesogea, unatoka asubuhi na mchana unanusa chumvi.

Kutoka stesheni nilipanda daladala hadi Mbagala Rangi Tatu, ambako ndiko mabasi ya Nyamisati yanakopakia. Sasa sikilizeni: wapiga debe watakuvuta kwenye gari la Kibiti, "panda hili, utaunganisha mbele." Usipande. Kutoka barabara kuu pale Bungu kuingia Nyamisati ni kipande kirefu, na bodaboda wa pale wakikuona na begi mgongoni wanajua huna ujanja. Mwenzangu aliyepanda gari hilo alilipa bodaboda zaidi ya alichotumia kutoka Dar.

Nyamisati ipo ndani ya delta ya Rufiji, mikoko kila upande, na boti za kwenda Kilindoni, kule Mafia, zinafuata maji kujaa. Hizo ni za mashine, tanga bado. Tanga nililipata nilipofika Utende, upande wa pili wa kisiwa, ambako daladala inatoka Kilindoni. Utende ipo ndani ya Hifadhi ya Bahari, kuna kiingilio getini, na Mtanzania analipa tofauti na mgeni, kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni na siyo chini ya begi. Nikakuta watu wa Jibondo wameleta samaki, wanarudi kwao jioni. Nikaomba, nikapakiwa. Jibondo ni kisiwa cha mafundi wa vyombo, watoto wa pale wanajua foromali (mti unaobeba tanga) na mlingoti kabla ya kujua kusoma. Nililipa nauli waliyolipa wao. Ila bebeni maji ya kunywa, kwa sababu pale maji yasiyo na chumvi ni ya shida, na kuwaomba wenyeji wakugawie ni kuwatia aibu, hawatakunyima hata kama yamebaki kidogo.

bint Mkokotoni (Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mleta mada kasema upepo, sawa, lakini mie naona kasahau maji.

Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, siku mbili tatu baada yake ndiyo bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Siku hizo bahari yetu hujaa mnamo saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni, na ikifika saa 4 asubuhi imekauka, chombo kimelala ubavu kwenye mchanga na watoto wanaokota chaza chini yake. Tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Chombo kilichopwelewa hakiondoki hata nahodha awe mjomba wako. Basi mgeni anakuja saa 4 na begi lake, anaambiwa mpaka jioni, jioni nahodha anasema giza linaingia, kesho alfajiri. Kashalala gesti, kashakula, kashalipia.

Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, tarehe 8 au 22 hivi ya mwezi wa Kiislamu, ni kinyume. Maji hujaa saa 4 asubuhi. Unatoka Mjini na daladala ya mapema, unafika Mkokotoni chombo cha kwenda kisiwa cha Tumbatu kinaelea, unapanda, basi. Maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo ukijua ya leo unajua ya wiki nzima. Tazama mwezi kabla hujakata tikiti ya basi, na kalenda ya Kiislamu inakutosha.

Jengine, na hili halina mzaha: jina lako liandikwe. Iwe boti, iwe jahazi, hakikisha upo kwenye orodha ya abiria. Septemba 2011 Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, na mpaka leo watu wanabishana walikuwamo wangapi, kwa sababu waliopakiwa walizidi walioandikwa. Jahazi la mizigo likikupakia kimyakimya usiku kwa nauli ya chini, wewe hapo si abiria, ni shehena isiyo na karatasi. Mie sipandi, na ndugu zangu wa kiume siwaruhusu.

Msafiri wa Umoja (Nairobi)

Dada umenifunza, hiyo hesabu ya mwezi sikuijua na nimekuwa nikienda Lamu kila nikipata nafasi.

Njia yangu: Madaraka Express, treni ya Nairobi hadi Mombasa, ya usiku, economy shilingi 1,500 za Kenya nilipopanda. Wakongwe mtakumbuka 2017 ilianza kwa 700, tunashukuru tu haikufika elfu mbili. Uzuri wa ile ya usiku ni kwamba umelala ndani, umeokoa chumba. Ubaya wake ni kwamba inakutema Miritini kabla hakujapambazuka na teksi wanakungoja kama simba. Kaa stesheni, kunywa chai, subiri matatu za asubuhi. Basi za Lamu zinatoka Mombasa asubuhi mapema, zinapita Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe. Ukikosa ya asubuhi lala Mombasa, maana mimi ile barabara siendi usiku, kuna vizuizi vya polisi, mnashuka, mnaonyesha ID, mnapanda. Asiye na ID asianze safari. Lakini lami imefika, si kama zamani mvua ikinyesha mnasukuma basi.

Mokowe unavuka kwa boti mpaka mjini Lamu, nusu saa haifiki. Hapo ndipo pesa inaanza kuliwa. Vijana wa ufukweni watakuuzia "safari ya dau" kwa bei ya Mzungu hata kama unaongea Kiswahili cha Nairobi kama changu. Mimi huwapita, nikaenda jeti na kuuliza chombo cha Pate au Faza kinapakia wapi. Unaketi juu ya magunia ya unga na kreti za soda, pembeni kuna mama na kuku wake. Nauli ni ya mwanakijiji. Na kumbe ndiyo maana walikuwa wanasema "tungoje Mkanda ujae"! Ule mlango kati ya Manda na bara ni mfinyu na hauna kina, maji yakipwa chombo hakipiti. Nilikuwa nadhani wananizungusha.

Fundi Mstaafu (Pangani)

Nimesoma yote. Wanangu, mnazungumza kupunguza nauli, na mimi nimekaa vyomboni tangu ujana, nawaambia: kwa basi bishana utakavyo, kwa nahodha punguza kidogo tu. Mtu uliyemkamua bei mpaka akanuna ndiye atakayekuketisha ngamani kwenye maji machafu.

Sema una mikono. Chombo chochote kina kazi: kufua maji, kuvuta kamba wakati wa kutweka tanga, kuhamisha mizigo upande wa joshini, unakotoka upepo. Nimepakia vijana wengi wasio na nauli kamili kwa sababu waliuliza kazi kabla ya kuuliza bei. Wengine walitapika njia nzima wasifue hata kata moja, lakini hiyo ni bahari, hatukuwadai.

Na dalali msimlipe kabla hamjakiona chombo. Wapo wanaouza nafasi kwenye jahazi lililokwishaondoka jana.

Mswahili wa Hamburg (Ujerumani)

Niongeze ya huku, maana nimecheka kuona shida ni moja. Kila Agosti kuna Hanse Sail pale Rostock, meli za matanga za kizamani zinakusanyika, na nyingi zinachukua watu wa kawaida kwa safari ya saa chache au ya siku. Kiel nako wana wiki yao mwezi wa Juni.

Mimi hutumia Deutschlandticket, tikiti ya mwezi mmoja kwa treni zote za mikoa nchi nzima. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, imekuwa ikipanda tangu hapo. Haikubaliki kwenye treni za kasi za ICE, kwa hiyo unakwenda polepole, lakini Hamburg hadi Rostock ni ya moja kwa moja, kisha treni ndogo hadi Warnemünde, na hulipi senti ya ziada. Wikiendi ya sherehe treni hujaa mpaka mlangoni, nenda siku moja kabla.

Kinachoua ni kulala. Siku hizo vyumba vya Rostock bei haishikiki. Safari yangu ya mwisho niliwaandikia wenye meli mapema nikauliza kama naweza kulala ndani usiku wa kuamkia safari, wakasema njoo na begi lako la kulalia, asubuhi utasaidia kusugua sitaha. Kumbe ushauri wa Fundi unavuka bahari. Tofauti ni moja: huku wanaondoka kwa dakika iliyoandikwa. Ukichelewa, unawapungia mkono.

Kapuku wa Nyegezi (Mwanza)

Wakuu, Julai nitakuwa Dar kikazi, nikimaliza nina wiki moja na pesa ya mawazo. Niende wapi? Na bahari inanisumbua, nilikuwa naumwa hata nikipanda kivuko cha Kigongo, kabla daraja halijafunguliwa 2025.

Kusi la Juni (Tanga)

Julai ni kusi kali mkuu, kwa tumbo hilo mlango wa Mafia usiuguse. Shuka Kilwa Masoko kwa basi, linatoka Mbagala pia. Kata kibali cha kuingia Kilwa Kisiwani palepale mjini, halafu vuka na mashua ya tanga ya wenyeji. Maji ya ndani ya bandari yametulia na ng'ambo unaiona kwa macho. Usipoumwa hapo, tutafute tukupangie chombo cha kupanda kaskazini.

Fundi Mstaafu (Pangani)

Na asubuhi ule mkate mkavu, chai ya maziwa usinywe. Keti katikati ya chombo karibu na mlingoti, huko tezini (nyuma) na omoni (mbele) waachie wenye matumbo yao.