Nimestaafu ualimu, nataka kipanya kiwe nyumba ya kuzungukia nchi. Naombeni ushauri

MwalimuWaPasua
Wakuu, habari za jioni. Nimestaafu mwaka jana nikiwa na miaka 60, niko hapa Moshi. Jiografia nimefundisha miaka 34, na Mbeya nimeishia kuichora ubaoni.

Kijana wangu wa mwisho alinionyesha video za wazee wa Marekani wanaoishi kwenye magari yenye kitanda, jiko na choo, wanahama kufuata majira. Tangu siku hiyo usingizi umepaa. Nimepata kipanya, Hiace ya dizeli iliyokuwa daladala, mwenyewe anataka milioni 14. Mkupuo umebaki milioni 19 (ya kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao, tuyaache, tusitoneshane vidonda). Pensheni ni laki tano kwa mwezi. Wazo langu ni kung'oa viti, niweke kitanda, mtungi wa gesi wa kilo 6 na sola, tutoke mimi na mama watoto miezi sita: Lushoto, Dodoma, Iringa, Mbeya mpaka Matema kule Ziwa Nyasa. Nyumba tutapangisha.

Mama anasema nimerogwa. Shemeji zangu wanasema mtu mwenye kihamba, shamba la ukoo, halali kwenye gari kama konda. Naombeni ushauri, hasa gharama na pa kulala.

AiseeMbe
Shikamoo mzee. Aisee nimevuta kiti, nasubiri wajuzi. Kwa hao shemeji, pole.

DerevaMasafa
Shikamoo mwalimu. Njia hizo nimezipiga na lori miaka mingi. Nikupe hesabu ya mafuta, maana ndiyo itakayokula pensheni yako. Moshi mpaka Mbeya kwa kupita Arusha, Babati, Dodoma na Iringa ni kama kilomita 1,100. Kwenda na kurudi 2,200. Kipanya chenye kitanda na madumu ya maji kikikupa kilomita 9 kwa lita ushukuru, kwa hiyo andaa kama lita 245. Weka 3,000 kwa lita (usikariri, EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta, wanatoa bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi), inakuja laki saba na thelathini na kitu. Pensheni ya karibu mwezi mmoja na nusu imeishia kwenye tangi, hamjala hata mhindi wa kuchoma.

Kwa hiyo msikimbie. Kaeni Iringa mwezi, kaeni Mbeya mwezi, sokoni mwende kwa miguu. Gari likilala, hela inapumzika.

Kuhusu kulala, porini hapana. Paki yanapolala malori, penye taa na mlinzi, au omba uwanja wa kanisa au msikiti. Ukiingia kijijini, nenda kwa mwenyekiti ujitambulishe kabla jua halijazama. Gari geni lenye mapazia likikutwa saa nne usiku, wanakijiji watalizingira wakijua ni wezi wa mifugo, na hapo ualimu wako hausaidii.

FundiUngaLimited
Mzee, kabla ya kulala ndani ya hiyo gari, lala kwanza chini yake. Kipanya kilichopiga ruti miaka kumi kinapigwa msasa na rangi mpaka kinang'aa, huku chesesi imeliwa na kutu. Nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji.

Halafu namba. Daladala ina namba nyeupe. Ukishaacha biashara, ukaibadilishe TRA iwe ya njano, la sivyo kila trafiki atakuuliza habari za leseni ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, na bima inaweza kukugeuka siku ya ajali. Kabla ya kulipa, angalia deni la faini kwa namba ya gari. Kosa moja ni 30,000, na daladala huwa zimejikusanyia.

Ndani tumia mbao nyepesi, usijaze vyuma. Mtungi ufungwe imara, usipikie milango ikiwa imefungwa. Na utoboe tundu la hewa juu. Lushoto mtajifunika blanketi, lakini Moshi yetu hii mwezi wa pili humo ndani ni tanuri.

MamaNdizi
Mwalimu, umetaja kitanda, gesi na sola. Choo hujakitaja. Mama akiamka saa nane za usiku aende wapi, nyuma ya lori? Nunua ndoo yenye mfuniko wa kubana, uweke maranda na pazia zito. Kadi ya bima ya afya ya mstaafu inamhusu na mwenzi wako, msiiache nyumbani, na kila mnapotua ulizieni mapema hospitali inayoipokea.

Na yeye umemuuliza anataka kwenda wapi? Hiyo orodha naiona ni ya mwalimu wa jiografia tupu.

MkiboshoUgenini
Mwalimu shikamoo, niko Texas. Hizo video haziwaonyeshi yote. Huku, hasa majimbo ya magharibi, kuna ardhi ya serikali kuu ambayo mtu anapaki bure, kwa kawaida siku 14 halafu anahama. Raia wa miaka 62 au zaidi anaweza kulipa dola 80 mara moja, akaingia hifadhi za taifa maisha yake yote. Kuna na vituo vya kumwaga uchafu wa choo na kujaza maji. Hayo huko nyumbani utayatengeneza mwenyewe kwa kuomba watu. Tena baadhi ya hao wazee siyo watalii, kodi ya nyumba imewashinda.

MwalimuWaPasua
Nimemsomea mama yote. Kwenye ndoo alicheka, kwenye swali la MamaNdizi akanyamaza. Baadaye akasema Korogwe, alikosomea ualimu. Miaka yote hii sikujua kwamba anapakumbuka.

Mkwe wangu atatuazima Noah yake wiki mbili. Tutaanza Korogwe, halafu Mombo, tupande zile kilomita 33 mpaka Lushoto. Nyumba hatupangishi kwanza.

Kipanya nimekwenda kulala chini yake leo asubuhi. Fundi wa mwenye gari alining'ang'aniza nikague kulia tu.

FundiUngaLimited
Mzee, kushoto ndiko kwenye mlango wa abiria. Maji na matope yote yanaingilia hapo. Usitoe hata senti mpaka nije, Jumamosi niko Moshi.