Tupeane uzoefu: ulijuaje ni mnyama gani aliyepita usiku?

Wakuu, habari za leo. Nalima mihogo huku Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi. Juzi nimeamka nakuta mihogo imefukuliwa, mingine imeachwa nusu. Jirani akaapa ni nguruwe pori. Nikamwita mzee mmoja, mwindaji wa zamani. Akaokota muhogo, akaugeuzageuza juani, akanionyesha mikwaruzo miwili miwili, kama ya patasi. "Haya ni meno ya nungunungu. Nguruwe angefumua tuta zima." Hatua chache mbele tukauona mwiba wenyewe, mweusi kwa mweupe. Nanyi leteni yenu.

Mfugaji wa Longido: Mbuzi wangu watatu waliuawa, tukamsingizia mbwa wa jirani. Nusura tushikane mashati. Nyayo zilikuwa na alama za kucha, kwa hiyo chui tulimtoa. Yule akitembea kucha huzificha. Kijana mmoja ndiye aliyetushtua: unyayo wa mbele ulikuwa mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma. Huyo ni fisi. Kesho yake tukakuta na kinyesi kando ya njia, cheupe kama chokaa. Kikitoka huwa na ukijani, kikikauka ndiyo kinageuka hivyo, kwa sababu ya mifupa anayotafuna. Mbwa tukamwomba radhi, yaani mwenye mbwa.

Kijana wa Voi: Sisi ni ndovu tu. Mguu wa mbele mviringo, wa nyuma umerefuka kidogo. Kinyesi kimejaa nyuzi na mbegu nzima. Nakigusa kwa ndani, kikiwa na joto naghairi safari.

Mpiga kasia: Kilombero niliona samadi imerushwa hadi juu ya kichaka, nikadhani kuna mtu kafanya utani. Kumbe kiboko huitawanya kwa mkia. Na njia yake ina mifereji miwili, katikati majani yamebaki. Ukiiona, usiweke turubai lako hapo!

Mama Mapera: Naomba kuuliza. Nyuma ya nyumba kuna sehemu moja, kila mara kinyesi kipya juu ya cha zamani. Kina mbegu za mapera na magamba ya jongoo.

Mfugaji wa Longido: Fungo huyo, mama. Ana choo chake, hajisaidii ovyo. Kuku wafungie mapema.

Mama Mapera: Asante. Basi kawazidi wapangaji wangu.