Mwalimu wa chekechea Uganda: moyo kwanza au shahada kwanza?

MleziJinja: Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, wa chekechea naye. Walio na cheti tu lakini wana moyo wa watoto tuwapeleke wapi? Nasema wabaki. Kupenda watoto hakufundishwi chuoni.

MkufunziMbale: Moyo haupingwi na mtu. Shida ni mwalimu mwenye moyo asiyejua ukuaji wa mtoto: anaharibu kwa bidii. Chukua penseli. Mtoto wa miaka 3 anaweza kuwa bado anaishika kwa ngumi na kuandika kwa kusogeza mkono mzima kutoka begani, maana misuli ya vidole haijakomaa. Mwalimu anamshika mkono, wanajaza ukurasa mzima wa "a". Karatasi inatoboka, mkono unachoka, na ule ushikaji wa ngumi unazoeleka. Aliyesomea kazi huanza na kufinyanga udongo, kuchana magazeti, kutunga shanga, kubana vibanio vya nguo. Kisha mistari ya kidole kwenye trei ya mchanga. Halafu krayoni iliyovunjwa ikabaki kipande kifupi, kisichoshikika kwa ngumi. Herufi zitafuata.

MzaziKampala: Maneno mazuri. Lakini shule za msingi zinawasaili watoto kabla ya darasa la 1. Mwenye daftari tupu atapokelewa na nani?

MkufunziMbale: Basi mzazi aonyeshwe kitu kingine. Kila siku mwalimu achague watoto 3, aandike sentensi moja kwa kila mmoja: alichofanya, si sifa zake. "Amehesabu vizibo 6, cha 7 akakiruka" inasaidia; "ni mwerevu" haisaidii kitu. Darasa la watoto 30 linamalizika kwa wiki 2 za masomo.

MmilikiMasaka: Mbona hela mnaikwepa? Sheria ya Elimu ya 2008 imeiacha elimu ya awali kwa watu binafsi, na mzazi ndiye mlipaji. Ada ikichelewa, mshahara nao unachelewa. Tuseme ukweli, sisi wenye shule hulitumia neno "wito" kumnyamazisha mwalimu anayedai chake. Huyo shahada ataisomea kwa pesa gani?

MleziJinja: Ndiyo maana nasema asomee likizoni, akiwa kazini. Na mkaguzi akae darasani asubuhi nzima badala ya kukagua vyeti ofisini. Mtoto akilia langoni, mwalimu anachuchumaa au anafoka?

MkufunziMbale: Hapo nakuunga mkono. Ila mkaguzi atazame pia mwalimu akishambembeleza mtoto anampeleka kwenye shughuli gani, na kwa nini hiyo.