Tupeane uzoefu: bima ya afya na upasuaji wa ngozi iliyolegea baada ya kupungua uzito

Ndugu zangu, naanza mimi ili wengine mfuate. Nilipungua kilo 58 katika muda wa miaka miwili, na kisukari kilichokuwa kikinisumbua kikatulia, lakini ngozi ya tumbo haikurudi. Ilibaki ikining'inia hadi kufunika kinena. Kila asubuhi nilikunja kitambaa cha pamba na kukipachika chini ya mkunjo huo ili kinyonye jasho, na jioni nilikitoa kikiwa kimelowa, wakati mwingine kikiwa na madoa ya damu, kwa sababu ngozi ilikuwa imechubuka na fangasi hawakuisha.

Ombi langu la kwanza lilikataliwa na kampuni ya bima kwa maelezo kwamba huo ni urembo. Niliumia sana. Niliposoma barua ile kwa utulivu, nikagundua kwamba tuliomba upasuaji wa kurekebisha tumbo zima, yaani kuondoa ngozi, kukaza misuli na kurudisha kitovu mahali pake, na huo ndio ambao bima nyingi huuhesabu kuwa wa urembo. Unaoweza kulipiwa ni ule wa kukata mkunjo unaoning'inia peke yake, tena pale tu unapoleta maradhi. Tafadhali, kila mmoja aijue tofauti hii kabla hajajaza fomu.

Tulipokata rufaa tulipeleka picha za mbele na za ubavuni zilizoonyesha mkunjo ukivuka mfupa wa kinena, nyingine nikiwa nimeuinua kwa mikono ili vidonda vionekane, pamoja na kumbukumbu za kliniki kwamba uzito wangu haukubadilika kwa zaidi ya miezi 6. Nilipopigwa picha zile nilitokwa na machozi. Bima ilikubali.

Wenzangu mlipitia njia gani?

Mchangiaji wa kwanza: Mimi nilikwama kwenye kumbukumbu. Kwa karibu mwaka mzima nilijinunulia krimu ya fangasi na kujitibu nyumbani, kwa kuona haya kumvulia daktari nguo kila mara, na bima ilipotaka ushahidi wa miezi 3 ya matibabu yaliyoshindikana, sikuwa na hata karatasi moja. Nilianza upya, nikienda kliniki kila mwezi na kumwomba daktari aandike upele uko wapi, umeenea kiasi gani na umeitikiaje dawa. Kumwongezea mgonjwa miezi ya mateso kwa ajili ya karatasi si haki hata kidogo, lakini anayepitia maombi huona kile tu kilichomo kwenye faili.

Mchangiaji wa pili: Tumbo langu lililipiwa, ila maombi ya mapaja yamekataliwa mara mbili, ingawa yanasuguana hadi natembea kwa shida. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, bima nyingi hutaka kwanza upite angalau mwaka mmoja, na nyingine miezi 18. Pimeni pia damu mapema. Mimi nilikutwa na upungufu wa madini ya chuma, tukalazimika kuahirisha.

Mwanzisha mada: Pole sana, dada. Rufaa yako ya mapaja ilikuwa na barua ya daktari wa ngozi, au ya daktari mpasuaji peke yake? Yangu ilibeba zote mbili, na ile ya daktari wa ngozi ndiyo waliyoitaja waliponikubalia.