Mteja akisema "call off" anamaanisha nini hasa? Nimekula hasara

NahodhaShela:
Assalam alaikum wajuzi. Mimi nabeba watalii kwa mashua hapa Shela kisiwani Lamu, Kizungu changu ni cha kusikia tu sikukisomea. Juzi usiku mteja kanitumia meseji, "we have to call off tomorrow's trip". Mimi nikajua kesho atanipigia simu aniambie watoka saa ngapi, si call ni kupiga simu? Alfajiri nishanunua samaki, changu wawili wakubwa, viazi, ndimu, makaa, nimekaa gatini mpaka jua limepanda na barafu yote imekuwa maji, simu hakuna. Kumbe safari wameivunja tangu usiku! Sasa hii "off" kazi yake nini, maana alamu ikilia wasema goes off, taa ikizimika goes off, samaki akiharibika naye goes off. Neno moja lilie, lizime, linuke? Nifahamisheni tafadhali, hii ndiyo riziki yangu.

Mwalimu_Maweni:
Waalaikum salam nahodha, pole sana. Nafundisha Kiingereza sekondari huku Malindi na wanafunzi wangu wanalia na haya haya kila mwaka. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa 1755, alisema kwenye dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowatesa wageni zaidi, kwa hiyo si wewe wa kwanza. "Off" kwa asili ni kutoka kwenye kitu, kuachana nacho. Mtu akiambiwa "call off your dog" anatakiwa amwite mbwa wake aache kumfukuza mtu, na safari nayo ni hivyo hivyo, inaitwa irudi. Bunduki inagoes off kwa sababu risasi imefyatuka, alamu nayo imefyatuka. Lakini usijidanganye kwamba hesabu hii itatoka kila mara, mengine ni kuyazoea tu. Sisi wenyewe tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga mbizi, tunapiga makasia, na mgeni anabaki kujiuliza hawa watu wanachapa nini kutwa nzima.

BintiCasuarina:
Kaka pole. Mimi niko mapokezi hotelini na kitu kilichonisaidia ni kuyashika ndani ya sentensi nzima, si neno peke yake. Mgeni akiuliza "can you put us up" anataka pa kulala, akisema "I can't put up with this noise" kelele zimemshinda, tofauti ni hiyo "with" tu na ukiikosa unampa chumba mtu anayetaka kuhama. Na uangalie mpangilio, sema "I will pick you up", ukisema "pick up you" watakuelewa lakini sio sawa.

MzeeWaTanga:
Mwanangu nahodha, nimefanya kazi melini miaka mingi na nakwambia mengine unayajua bila kujua kwamba unayajua. Ukifungua kamba gatini, hiyo ni "cast off". Ukitoka kwenda bahari kuu "put out", ukiingia bandarini "put in". Kufua maji ngamani, yaani kuyatoa yaliyoingia chomboni, ni "bail out", na neno hilo hilo leo wanalitumia serikali ikiokoa benki inayozama na rubani akiruka na parachuti. Ila ninayoipenda mimi ni "tide over". Zamani chombo kikikosa upepo kilikuwa kinaachiwa maji, yakijaa au yakipwa yakisukume mpaka upepo uje, ndio maana sasa mtu akikukopa elfu mbili atakwambia "it will tide me over", yaani itamsogeza mpaka mshahara uingie. Wewe hapo mkondo wa Shela na Manda maji yanakuchukua kila siku, hutalisahau hilo. Anza na ya chomboni, ya ofisini yatafuata.

NahodhaShela:
Shikamoo mzee wangu, ahsante sana, na mwalimu na dada pia Mungu awalipe. Hiyo ya tide over nimemsomea baharia wangu hapa amecheka mpaka akakaa chini, anasema basi wazungu nao walikuwa wanangoja maji kama sisi. Sasa nisaidieni na hii, imeingia sasa hivi: "we'll set off at 8 if the wind doesn't pick up". Pick up si kuokota?

Mwalimu_Maweni:
Hapo upepo kuzidi nguvu. Wanaondoka saa mbili asubuhi, upepo usipochafuka.

NahodhaShela:
Basi samaki sinunui mpaka nione alfajiri bahari imeamkaje.